"Teibo", "naif" na "frendi": Kisa cha Darasa la Nne na tahajia ya Kiingereza

Kisa hiki kinahusu darasa moja la Nne katika shule ya msingi ya serikali, na kinafuata mwaka mmoja wa masomo tangu Januari hadi Oktoba. Mkoa, jina la shule na mwaka vimeondolewa kwa makusudi, na mwanafunzi anayetajwa hapa kama Rehema hakuitwa hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa somo la Kiingereza wa darasa hilo, kwa hiyo maamuzi yanayochambuliwa hapa ni yangu, yale yaliyofaa na yale yaliyowachelewesha watoto.

Mazingira

Darasa lilikuwa na wanafunzi 74 katika mkondo mmoja, wakikaa wanne wanne katika madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watatu, na kitabu kimoja cha kiada kilisomwa na wanafunzi watatu. Chini ya mtaala uliokuwa ukitumika wakati huo, Darasa la Kwanza na la Pili yalijikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, nacho Kiingereza kilianza kufundishwa kama somo katika Darasa la Tatu. Hivyo watoto waliofika kwangu walikuwa na mwaka mmoja tu wa Kiingereza, na mbele yao kulikuwa na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao haumngojei mtu.

Ni lazima kueleza walikuja wakiwa na nini, kwa sababu kisa chote kinategemea jambo hilo. Mtoto aliyefundishwa vizuri kusoma Kiswahili anajua kwamba irabu ni tano na kwamba kila moja ina sauti yake isiyobadilika: a ya "baba" ndiyo a ya "kalamu". Akikutana na neno asilolijua maana yake bado ataweza kulisoma, na akilisikia ataweza kuliandika. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, ambapo herufi moja hutumika kwa sauti kadhaa na sauti moja huandikwa kwa njia kadhaa. Sisi walimu tulikuwa tukimtoa mtoto katika mfumo wa kwanza na kumwingiza katika wa pili bila hata kumwambia kwamba amevuka mpaka.

Imla ya Januari

Nilikuwa nimeurithi utaratibu ambao walimu wengi wanaufahamu. Jumatatu mwalimu huandika ubaoni maneno kumi ya mada ya wiki, kama vile vitu vya darasani au viungo vya mwili. Wanafunzi huyaimba kwa pamoja herufi kwa herufi. Ijumaa huwa na imla. Na anayekosa neno huliandika mara kumi kwenye daftari. Katika wiki ya tatu ya Januari nilitoa imla ya maneno 20 yaliyokwisha kufundishwa Darasa la Tatu, na wastani wa darasa ukawa maneno 6. Wanafunzi 11 hawakupata hata neno moja.

Niliwapa adhabu ya kawaida, kisha nikapita kati ya madawati kuangalia kazi inavyokwenda. Nilipofika kwa Rehema, aliyekosa neno friend, nikasimama nyuma yake kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Alikuwa ameandika f kumi kutoka juu hadi chini, moja kila mstari. Kisha akaandika r kumi pembeni mwa zile f, akashuka na i kumi, akaendelea hivyo hadi d ya mwisho, haraka na kwa mwandiko mzuri, kama mtu anayepanda mahindi kwa mstari. Alipomaliza, ukurasa ulikuwa na friend kumi zilizonyooka, na mtoto hakuwa ameliandika neno hilo hata mara moja. Nilimwomba afunge daftari aliandike ubaoni. Akaandika "frendi".

"Rehema, mbona umeandika hivyo?"

"Mwalimu, ndivyo linavyosikika."

Lilikuwa jibu sahihi. Kwa kanuni pekee ya kuandika aliyowahi kufundishwa, alikuwa ameliandika neno kama linavyopaswa kuandikwa, hata ile i ya mwisho aliiweka kwa sababu maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu.

Kilichokuwa ndani ya madaftari

Mwisho wa wiki ile nilibeba madaftari yote 74 kwenda nyumbani, nikayapitia makosa moja baada ya jingine nikiyapanga katika mafungu badala ya kuyahesabu tu. Fungu kubwa kuliko yote, zaidi ya nusu ya makosa, lilikuwa la watoto walioandika Kiingereza kwa sikio la Kiswahili: "teibo" kwa table, "naif" kwa knife, "haus" kwa house, "bekozi" kwa because, "buku" kwa book. Haya ni makosa ya mtoto anayesikia vizuri na anayejua kuandika.

Fungu la pili lilinishangaza zaidi. Wapo walioandika "tebli", na kwa siku mbili sikuelewa neno hilo lilitoka wapi, kwa kuwa hakuna anayelitamka hivyo. Jibu lilikuwa katika ule wimbo wetu wa Jumatatu. Darasa zima huimba majina ya herufi za table kwa Kiingereza: "ti, ei, bii, el, ii". Mtoto anayejaribu kukumbuka wimbo huo siku ya Ijumaa anasikia "ei" na kuandika e, anasikia "ii" na kuandika i. Jina la Kiingereza la herufi e ndilo sauti ya Kiswahili ya herufi i, na jina la a linakaribiana sana na sauti ya e. Tulikuwa tumewapa watoto wimbo unaowaongoza moja kwa moja kwenye kosa, kisha tukawaadhibu kwa kuufuata.

Lilikuwapo pia fungu la l na r, "gleen" kwa green, ambalo linafuata lugha za nyumbani na huonekana hata katika Kiswahili chao pale "kula" inapokuwa "kura". Hilo halikuwa kubwa.

Fungu la mwisho lilikuwa la watoto tisa ambao kurasa zao zilikuwa na herufi zisizo na uhusiano wowote na neno lililosomwa. Nilipowaita mmoja mmoja na kuwapa aya fupi ya Kiswahili, wote tisa hawakuweza kuisoma. Tatizo lao halikuwa Kiingereza.

Maamuzi na sababu zake

Niliamua kwanza kuiacha adhabu ya kunakili, na sababu yake ni ukurasa wa Rehema. Badala yake tulianza utaratibu wa hatua tano: kutazama neno, kulitamka, kulifunika kwa kiganja, kuliandika kutoka kichwani, kisha kufunua na kuhakiki. Kinachofanya kazi hapo ni kule kufunika, kwa kuwa mtoto hulazimika kulishika neno zima akilini hata kama ni kwa sekunde chache, na hawezi kupanda herufi kwa mistari.

Pili, niliuondoa wimbo wa majina ya herufi na kuweka sauti mahali pake. Majina tulikuja kuyarudia muhula wa pili, baada ya watoto kuwa na uhakika wa sauti.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu kuutetea katika ofisi ya walimu: niliacha kupanga maneno kwa mada na kuyapanga kwa umbo. Kitabu huweka head, eye, knee na shoulder pamoja kwa sababu yote ni viungo vya mwili, lakini kwa tahajia maneno hayo hayana undugu wowote. Mwanafunzi anayejifunza light, night, right na fight kwa pamoja anapata jambo moja linalomfungulia manne. Mwalimu wa taaluma alihofia kwamba tungeachwa nyuma na azimio la kazi, na hofu yake ilikuwa ya haki. Tulikubaliana kwamba kati ya vipindi vya juma nitumie viwili kwa tahajia na vilivyobaki vifuate kitabu.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuanzia pale mtoto alipo. Kila neno jipya, kabla sijaliandika ubaoni, wanafunzi walitoka nje na kuliandika mchangani kwa kidole jinsi walivyolisikia. Kisha tulilinganisha na linavyoandikwa kwa Kiingereza na kuuliza maswali: sikio limepata wapi, na ni wapi jicho linahitajika? Katika "naif" sikio limeipata n na f, jicho linahitajika kwa k ya mwanzo, kwa i inayosimama peke yake bila a, na kwa e ya mwisho. Mtoto anayejua kwamba herufi chache tu ndizo zinazomsumbua ana kazi ndogo kuliko anayedhani neno zima limemshinda.

Maelezo yote haya niliyatoa kwa Kiswahili. Wapo wenzangu wanaoamini kwamba kipindi cha Kiingereza kisisikike Kiswahili hata kidogo. Ninaiheshimu nia yao, lakini kumweleza mtoto wa miaka tisa tofauti ya mifumo miwili ya uandishi kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anaijifunza ni kumzuia asielewe.

Muhula wa kwanza: kiranja e

Tulianza na jozi: rat na rate, kit na kite, hop na hope, cut na cute. E ya mwisho haitamkwi, lakini kuwapo kwake kunaibadilisha irabu iliyo kabla yake. Nilieleza hivyo kwa dakika kadhaa na nyuso zikabaki vilevile. Ndipo mvulana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, ni kama kiranja." Akafafanua kwamba kiranja husimama mwisho wa mstari asubuhi, hasemi neno, lakini wote waliosimama mbele yake wanajinyoosha. Tangu siku hiyo e hiyo iliitwa kiranja, na sikuwahi kupata maelezo bora zaidi.

Kwa herufi zisizotamkwa kama k ya knife, knee na know, nilichagua kuwaambia watoto historia yake badala ya kusema "ndivyo ilivyo". Waingereza wa zamani waliitamka k hiyo. William Caxton alipoleta mashine ya uchapaji Uingereza mwaka 1476, tahajia za zama zile zilianza kuchapwa na polepole zikaganda, ilhali matamshi yaliendelea kubadilika kwa karne nyingi. Niliwaambia kwa ufupi: ulimi uliacha, kalamu haikuacha. Tahajia yetu ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilisanifishwa rasmi katika miaka ya 1930, kwa hiyo bado iko karibu sana na ulimi. Watoto walilipokea jambo hili kwa uzito ambao sikuutarajia, na baadhi yao wakaanza kuuliza kuhusu kila herufi isiyosikika, "Hii nayo ni ya zamani?" Mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo, ingawa si kila mara, b ya debt haikuwahi kutamkwa katika Kiingereza, bali iliingizwa na wasomi waliotaka neno lifanane na asili yake ya Kilatini.

Kipindi kimoja tulikitoa kwa maneno yaliyohamia kwetu: shati na shirt, kabati na cupboard, blanketi na blanket, baiskeli na bicycle. Watoto waliona kwamba Kiswahili kilipolichukua neno kiliandika kile kilichosikika. Yaani walichokuwa wakikifanya wao katika imla ndicho walichokifanya wazee wao, na kwa Kiswahili kilikuwa sahihi.

Mzazi na swali lake

Mwezi Aprili baba wa mwanafunzi mmoja alikuja shuleni akiwa na daftari mkononi. Alisalimia, akaomba radhi kwa kuniingilia kazini, kisha akasema alilojia.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana. Ila mtoto anarudi nyumbani anasema ameandika 'haus' na mwalimu hakumpiga kosa. Nikaona nije niulize."

Nilimkaribisha akae, nikamweleza kuhusu mchangani na kuhusu sikio na jicho. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sawa, mwalimu. Sasa ni lini anaambiwa amekosea?"

Sikuwa na jibu zuri. Kwa vipindi kadhaa kengele ilikuwa imelia tukiwa bado mchangani, na watoto wakaondoka na lile umbo la sikio bila kuliona lililo sahihi. Kuanzia wiki ile niliweka sharti kwamba hakuna neno litakaloachwa mchangani: umbo la sikio hufutwa kwa kiganja ndani ya kipindi kilekile, na kwenye daftari huingia umbo sahihi tu. Marekebisho hayo yalitokana na mzazi yule, na ninaamini yaliokoa sehemu kubwa ya kazi yetu.

Kosa lililokuwa la mwalimu

Mwezi Mei nilitoa imla yenye neno cup. Karibu theluthi moja ya darasa iliandika cap. Nilianza kuyapigia mkasi, kisha nikasita na kuyatamka maneno yote mawili kwa sauti, peke yangu, ofisini. Yalitoka sawasawa. Kwa ulimi wangu uliokuzwa na irabu tano, cup na cap ni neno moja, na vivyo hivyo hut na hat, ship na sheep. Nilikuwa nimewatahini watoto kwa tofauti ambayo kinywa changu hakikuitoa, na walioandika cap walikuwa wameandika nilichokisema.

Sikuona maana ya kujifanya ninaweza kubadili matamshi yangu kwa wiki moja. Nilibadili imla. Kila neno nililisoma, nikalitia katika sentensi, kisha nikalirudia: cup, I drink tea from a cup, cup. Mtoto hapati tofauti kwa sikio lakini anaipata kwa maana, na maana ndiyo itakayomwongoza hata atakapoandika mwenyewe.

Matokeo

Imla ileile ya Januari ilirudiwa Juni, na wastani ukapanda kutoka 6 hadi 10. Kwa kuwa orodha ilikuwa ya zamani, sikuridhika kwamba namba hiyo inaonyesha uelewa. Oktoba nilitunga imla nyingine ya maneno 20 ambayo hayakuwa yamefundishwa: kumi ya maumbo tuliyoyasoma na kumi ya maumbo ambayo hatukuyagusa. Katika kumi ya kwanza wastani ulikuwa 7, na katika kumi ya pili ulikuwa 3.

Maneno yanayotumika kila siku na yasiyofuata umbo lolote, kama said, was, one na friend, yalibaki kuwa magumu. Muda tuliouweka kwa maumbo ulituacha bila muda wa kutosha kwa haya, ambayo ndiyo mtoto huyahitaji katika karibu kila sentensi.

Kati ya watoto tisa wasiosoma, wanne walijua kusoma Kiswahili kufikia Oktoba. Watano hawakufika.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwa ile kazi ya kupanga makosa kwa mafungu kabla ya kuchagua njia. Kama ningetazama alama pekee ningeona darasa dhaifu la wastani wa 6 na kuongeza mazoezi yaleyale. Kumbe darasa lilikuwa na makundi yenye mahitaji tofauti kabisa: la watoto waliohitaji kuelezwa kwamba Kiingereza hakiandikwi kwa sikio pekee, la waliopotoshwa na wimbo, na la wasiojua kusoma. Daftari lililokosewa lina habari nyingi kuliko alama iliyoandikwa juu yake, ingawa kwa darasa la watoto 74 kazi hiyo ilinichukua Jumamosi na Jumapili nzima, na siwezi kumlaumu mwalimu mwenye familia anayeshindwa kuifanya.

Kufundisha kwa umbo kulileta faida iliyoonekana Oktoba, lakini kulileta pia kosa ambalo sikulitazamia. Mwezi Juni watoto walianza kumweka kiranja kila mahali: "bede" kwa bed, "pene" kwa pen, "cate" kwa cat. Kosa hilo ni dalili kwamba kanuni imeshikwa na mipaka yake haijashikwa, na sababu yake ni kwamba niliwapa wiki nne mfululizo za maneno yenye e ya mwisho bila kuyachanganya na yasiyo nayo. Zoezi la kupanga maneno katika safu mbili, lenye kiranja na lisilo na kiranja, lilipaswa kuanza siku ya kwanza, nami nilianza nalo Julai. Karibu wote walijirekebisha, ila walipoteza mwezi.

Lililonisumbua kuliko yote lilikuwa umbali kati ya imla na insha. Rehema alipata knife, night na hata friend katika imla za Septemba. Wiki hiyohiyo aliandika aya fupi kuhusu rafiki yake, na ndani yake "frend" ilitokea mara tatu. Katika imla akili yote iko kwenye herufi. Katika insha mtoto anatafuta la kusema, anatafuta neno, anatafuta wakati wa kitenzi, na herufi zinabaki kuongozwa na mazoea. Mazoea ya Rehema bado yalikuwa ya sikio, hata kama ile i ya mwisho ilikuwa imeondoka. Sikuwa nimepanga kipindi hata kimoja cha kumfundisha mtoto kuirudia insha yake mwenyewe na kutafuta humo maneno mawili au matatu ya kuhakiki kwa zile hatua tano. Nilianza kufanya hivyo Oktoba, wakati Upimaji ulikuwa mlangoni.

Kuhusu wale tisa, nililiona tatizo lao Januari na nikaanza kuwapa muda wao wa kusoma Kiswahili mwezi Juni, dakika ishirini baada ya vipindi, kwa msaada wa mwalimu wa Darasa la Pili. Miezi hiyo minne ya katikati walikaa katika vipindi vya kiranja e na herufi za zamani wakiinakili kazi ya jirani. Nilijiambia kwamba nitawafikia darasa likishatulia. Wanne waliofaulu walihitaji takriban miezi mitatu na nusu kila mmoja, na hesabu hiyo inaonyesha kwamba kama tungeanza Februari, huenda wengine wangekuwa wanasoma kabla ya mwaka kwisha.

Mwalimu aliyelipokea darasa mwaka uliofuata nilimkabidhi karatasi nne: orodha ya maumbo tuliyoyamaliza, orodha ya maneno 30 ya kila siku ambayo bado yalikuwa yakiwashinda wengi, nakala ya aya ya Rehema, na majina ya wale watano pamoja na ukurasa wa kitabu cha Kiswahili ambapo kila mmoja alikuwa amefika.